Maneno Niliyomnyima Faustini

Gisenyi, Jumamosi baada ya alasiri

Zuberi mwanangu,

Salamu namwachia mama yako akupe. Yeye anazo nyingi, na hana tabia ya kuzichanganya na matusi. Mimi nikikuamkia asubuhi, kabla hujaitikia nimekwisha kukosoa shati lako. Ndiyo maana naandika. Kalamu hunichelewesha kidogo; ulimi haujawahi kunichelewesha.

Umevuka mpaka kwenda Goma kuwaaga wajomba zako. Begi lako liko hapa mlangoni, limefungwa, na juu yake umeiweka ile miwani yako myeusi kama kilemba cha sultani. Kesho utapanda boti la Kibuye uende kuwafunza vijana sita kazi ya kuokoa watu majini, wewe mwenye miaka ishirini na miwili, ambaye hujui hata kuanua nguo mvua ikianza. Sitakuambia ule nini wala ulale wapi. Mama yako amekuambia hayo tangu Jumatatu na hukumsikiliza, na hilo ni baina yenu.

Nataka kusema habari ya Jumatano.

Jumatano uliwakusanya wageni wetu watatu wa kikosi pale ufukweni uwafunze. Hukujua kwamba nilikuwa chini ya mtumbwi mkubwa, nimelala chali, naziba nyufa kwa lami. Nilikusikia unawaambia kwamba anayezama anafuatwa kwa nyuma, kamwe si kwa mbele. Mmoja wao, yule mrefu wa Kanama, akauliza kwa nini. Ukamjibu, "Mbwa haulizi." Wenzake wakacheka. Kisha ukawasimulia habari za Faustini: kwamba alikuwa hodari, kwamba alikuwa na kiburi, kwamba mkuu wake alimwambia asubiri na yeye hakusikia, na kwamba ndiyo maana amelala makaburini.

Uliisimulia vizuri kuliko mimi. Ulinyamaza kidogo palepale ninaponyamaza mimi, kabla ya neno "hakusikia." Niliacha kupaka lami, nikabaki pale chini mpaka mlipoondoka.

Hadithi ile niliitunga mimi. Wakati ule ulikuwa bwenini Nyundo, ukapata habari kama walivyozipata wengine wote, kutoka kinywani mwangu. Leo utaisoma kama ilivyokuwa. Ukimaliza unaweza kunidharau. Utakuwa umenikuta njiani, maana mimi nilianza zamani.

Unakumbuka tulivyokuja kutoka Kigoma. Nilikuwa nimefanya kazi bandarini kule miaka kumi na tisa, nimetoa watu ziwani wakiwa hai na wakiwa maiti, na nikadhani nikifika kwenye nchi ya wazazi wangu nitapokewa kama bingwa. Watu wa komini, yaani serikali ya hapa, wakanipa mtumbwi mmoja, injini iliyokuwa inakohoa kuliko bibi yako, kamba mbili, na wanaume watano walioogopa maji kama paka. Na watu wa hapa, nikifungua mdomo, wanacheka. Wanasema nazungumza kama redio.

Basi nikawadharau wote. Niliwadharau wenye maboti wanaopakia abiria kama magunia ya makaa. Niliwadharau wakubwa wanaokuja Jumapili na magari yao, wanakunywa bia nne, halafu wanataka kuogelea mbele ya wasichana. Nikishawatoa majini wanasema walikuwa wanapumzika tu. Nilimdharau yule bwana wa komini aliyekuja kila mwezi kuniuliza nina majaketi mangapi ya kuokolea, akaandika "hakuna," akaenda zake, na mwezi uliofuata akauliza tena. Baadhi ya dharau hizo nazishikilia mpaka leo, wala sioni sababu ya kuziacha. Ila nilikuwa na kosa moja: nilidhani dharau ni elimu. Nilidhani mtu akimwona kila mmoja mjinga, basi yeye ni mwenye akili.

Ndipo akaja Faustini.

Kwao ni Busasamana, kule chini ya volkano ambako hakuna maji ya kuzamisha hata kuku. Lakini alilelewa na shangazi yake Goma, nyumba yao imeelekea ziwa, akaogelea kabla hajajua kuvaa viatu. Alikuwa na miaka ishirini. Alikuja asubuhi moja amevaa kaptula nyekundu, hana barua, hana mtu wa kumtambulisha, akasema amesikia ninatafuta watu wanaojua maji. Nikamwambia natafuta watu wenye adabu. Akacheka, akasema hao nimekwisha kuwapata watano, na wote hawajui kuogelea.

Ilikuwa kweli tupu, na kwa hilo sikumsamehe.

Nilimchukua kwa sababu ningekuwa kichaa kumwacha. Kisha nikamweka mchangani wiki nzima, anakunja kamba na kuikunjua, mchana kutwa, mbele ya wasichana wanaouza ndizi. Siku ya tatu akanijia.

"Mzee, mi sikukuja hapa kukunja kamba. Mi nilikuja kutoa watu mu maji."

"Ukiweza kuirusha kamba hiyo hatua ishirini ikaanguka ninapotaka, utaingia majini."

"Ungeniambia ivyo tangu siku ya kwanza, ningekuwa nimeshajua," akasema.

Akaenda, akarusha, jioni ile ile kamba ikawa inaanguka ninapotaka. Mwalimu mwenye akili angefurahi. Mimi nilimwambia siku hiyo upepo ulimsaidia.

Alikuwa na kiburi, sitakudanganya kwa kugeuza hadithi upande wa pili. Aliogelea mpaka kwenye mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwa hili, ili tu apigiwe makofi. Aliwaambia watu kwamba ziwa "iko kama kitanda yangu." Akizama chini kutafuta kitu, alikaa huko mpaka watu waanze kusali, kisha akaibukia kwingine anacheka. Na alikuwa na maswali. Kwa nini tunamfuata mtu kwa nyuma? Kwa nini tusiweke madumu matupu kwenye mtumbwi, tuyatupe kwa wanaozama kabla hatujawafikia? Kwa nini injini isiwashwe kila asubuhi hata kama hakuna kazi? Mimi nilisikia jeuri katika kila swali. Sasa nikiyarudia moja moja, sioni hata moja ambalo halikuwa la maana. Madumu yale unayowaonyesha wageni na kusema ni ujuzi wa Kigoma, si ujuzi wa Kigoma. Ni ya Faustini. Kigoma hatukuwa nayo.

"Mbwa haulizi" nilianza kumwambia yeye. Kabla yake sikuwa na msemo huo. Niliutunga kwa ajili yake, ukapendeza, nikauendeleza mpaka ukakufikia wewe.

Halafu kulikuwa na boti la maharage. Hilo umelisikia, kwa sababu ni sifa, na sifa husafiri. Boti lilitoka upande wa Kibuye mchana, limejaa magunia na watu, upepo wa alasiri ukaanza, likaanza kunywa maji karibu na ncha ya mawe. Niliamua kuzunguka na mtumbwi kwa upande wa nje, kwa sababu kwa ndani kuna miamba. Ulikuwa uamuzi wa kitabuni. Faustini alisema tutachelewa. Nikamwambia afunge mdomo. Akajifunga kamba kiunoni, akawaachia wenzake ncha yake pale mawe yanapoishia, akaogelea moja kwa moja kupitia miambani na madumu mawili. Nilipofika na mtumbwi wangu na uamuzi wangu wa kitabuni, watu tisa walikuwa wameshika kamba wanavutwa nchi kavu kama samaki kwenye mtungo, na wawili waliobaki wamekumbatia madumu. Hakufa mtu. Nami nilikuwa nimeokoa gunia moja la maharage.

Watu walimbeba Faustini mabegani mpaka sokoni. Mimi nilibaki kufunga mtumbwi.

Nyumbani mama yako alikuwa amekwisha kusikia. Wakati huo bado alizungumza nami Kiswahili cha Kigoma kwa heshima, lakini akikasirika hurudia cha kwao Goma mara moja. Nilipoanza kumlaumu Faustini kwamba amevunja amri, akaniwekea ugali akasema, "We mwanaume, ule mutoto unamuchukia juu anakupita." Nikasukuma sahani. Alikuwa ameniambia ukweli mzima kwa maneno machache, na chakula juu yake, nami nikaona amenikosea adabu.

Kuanzia siku hiyo niliacha kumfunza Faustini. Sikumfukuza, la, hilo lingeonekana. Niliendelea kumwamrisha, ila sikumpa tena ninachokijua. Nilijiambia: bingwa anajua kila kitu, atagundua mwenyewe. Nilimngoja aje kuniomba. Nilitaka akosee jambo mbele ya watu, jambo dogo, la kuchekesha, ili wale waliombeba mabegani wamwone ameloa.

Unajua habari ya mazuku, nilikufunza wiki ya kwanza. Hewa mbaya inayotoka ardhini upande huu wenye volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na mara nyingi haina hata harufu. Asubuhi isiyo na upepo hujaa mashimoni na kwenye vijighuba vya mawe kama maji kwenye bakuli. Mbuzi hushuka kunywa maji, halali usingizi wala haruki, anaanguka tu. Mimi nilifunzwa na mzee mmoja mvuvi nilipofika hapa. Alinionyesha jinsi ya kushusha kibatari kwa kamba: kikizima, usishuke. Na kama ni lazima ushuke, jaza mapafu ukiwa juu, ufanye unalofanya, upande bila kuvuta pumzi hata moja. Wale watano waoga niliwafunza wote. Faustini sikumfunza. Kukulia Goma hakukumsaidia. Aliogelea mahali peupe penye upepo, na alilijua neno kama mtoto anavyolijua jina la zimwi, kitu cha kutishia watu.

Ilikuwa Jumapili, mapema, baada ya mvua ya usiku. Ziwa limelala kama mafuta. Mwanamke mmoja alishuka kufua kwenye kijighuba kile kilicho upande wa mpakani, kile chenye ukuta wa mawe meusi pande tatu. Mwenzake aliyekuwa juu akamwona ameinama juu ya beseni, kisha amelala. Akapiga kelele, watu wakatuita. Tulifika mimi na Faustini kwa miguu, na watu wapatao thelathini wamesimama ukingoni wanatazama chini.

Nilijua mara moja. Nikaanza kuwasha kibatari. Njiti za kibiriti zilikuwa zimeshika unyevu.

Nikamwambia, "Subiri."

Akauliza, "Kwa nini?"

Aliuliza vizuri, Zuberi. Hilo ndilo nimekuwa nikiwaficha watu. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama, mguu mmoja umetangulia, ananitazama usoni, anangoja nimjibu. Mtu mwenye kiburi hangoji. Yeye alingoja, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema maneno manne: chini kuna hewa mbaya. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuyasema. Angevuta pumzi juu, na kwa mapafu yale angeshuka, angemchukua mwanamke na kupanda mara mbili kabla hajahitaji pumzi nyingine.

Lakini watu thelathini walikuwa wanatazama. Hao hao waliombeba. Nikasema, "Mbwa haulizi."

Wachache wakacheka. Faustini akanitazama kidogo zaidi, kisha akageuka akashuka.

Nilimwona akifika chini, akimnyanyua yule mwanamke. Mwanamke alikuwa mnene, na kitenge chake kimeloa maji. Faustini alimpandisha begani, akamsukuma juu ya mwamba uliochomoza, pale ambapo wanaume wawili waliweza kulala kifudifudi na kumshika mikono. Wakamvuta. Alikuwa hai; kichwa chake kilikuwa kimeangukia jiwe refu, juu ya hewa ile, na hilo lilimponya. Yuko hai mpaka leo, anauza nyanya, nami hubadilisha njia nikimwona. Faustini alibaki chini anatazama juu. Kisha akapiga magoti, polepole, kama mtu aliyechoka anayetafuta mahali pa kukaa. Kisha akainama.

Nilijifunga kamba, nikajaza mapafu, nikashuka. Nilifanya kila kitu sawasawa. Nilikuwa hodari sana asubuhi ile, baada ya muda wa kuwa hodari kupita. Tulimtoa, tukampulizia pumzi mpaka midomo yangu ikachubuka. Jua lilikuwa limeshapanda na upepo umeanza, na mtu yeyote angeweza kushuka kwenye kijighuba kile akafue nguo zake kwa amani.

Bwana wa komini alikuja na daftari. Akauliza ilikuwaje. Nikasema, "Nilimwambia asubiri. Hakusikia."

Ona jinsi ilivyo safi. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nilimwambia asubiri, watu thelathini walisikia. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema maneno yale watu husema, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ya maziko akayarudia kwa sauti kubwa, na tai shingoni. Nimeuchukia msemo huo tangu hapo. Hausemi lolote kuhusu mkuu aliyefunga mdomo wake makusudi.

Mama yake Faustini alikuja kutoka Busasamana. Alikuwa mama wa kuvusha viazi na maharage mpakani, mikono migumu, hakulia mbele yetu. Aliniuliza jambo moja tu: mwanawe alikosea nini. Nami nilisimama mbele ya mwanamke yule, nikamwambia kwa upole, tena nimemshika mkono, kwamba kijana wake alikuwa hodari lakini alikuwa na kiburi. Akasema, ndiyo, alikuwa nacho tangu utotoni. Akanishukuru kwa kumtoa. Alinishukuru, Zuberi, na mimi nikapokea.

Baada ya hapo hadithi ikawa rahisi. Kila aliyekuja kujifunza nilimpa Faustini kama dawa ya minyoo. Ilifanya kazi. Vijana walinyamaza, walitii. Nilikuwa na kikosi kinyamavu kuliko vyote. Na niseme ukweli, kikosi kinyamavu ni kikosi kibaya. Mwaka juzi injini ilipokufa katikati ya ziwa na watu saba ndani, wawili kati yao walikuwa wameona mafuta yanavuja tangu asubuhi. Hawakusema. Mbwa hawaulizi, na mbwa hawasemi pia. Tulipiga makasia mpaka magharibi, nami niliwatukana njia nzima kwa kosa nililolifanya mimi.

Nilijiambia nitakwenda Busasamana kusema. Kisha barabara zikawa mbaya, miaka ile ambayo hakuna aliyepanda kule bila sababu, nikashukuru, ndiyo, nilishukuru kupata kisingizio chenye bunduki ndani yake. Zikafunguka. Nikasema mvua. Mvua ikaisha. Nikasema Ramadhani. Mtu anayewadharau wengine kwa uoga anapaswa kuniona mimi nikitafuta sababu.

Jumatano nilipokusikia, nilitoka chini ya mtumbwi, nikanawa, na Alhamisi asubuhi nikapanda pikapu ya mizigo mpaka inapofika, mengine nikatembea. Nilikuambia nakwenda kutafuta mbao. Sikuwa natafuta mbao.

Nilimkuta anachambua mbegu za viazi mlangoni. Alinitambua. Alinipa kigoda, nikakataa kukaa mpaka niseme. Nikasema yote, kama nilivyoyaandika hapa, hata lile la wivu, hata la mbwa. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Nilingoja alie, au anifukuze, au kama mjinga nilivyo, anisamehe.

Alisema, "Miaka hii yote mi naambia watu mutoto yangu alikufa juu ya kiburi. Mi mwenyewe, mama yake. Nilisema ivyo ku kanisa."

Akaniuliza kwa nini nimekuja sasa, kama ni ili nilale vizuri. Nikasema sijui. Akasema kama ni hivyo, nisitegemee, yeye hatanisaidia kulala. Alisema kwa utulivu, kama anavyomwambia mteja kwamba viazi vimeisha. Sijawahi kudharauliwa vile maishani, wala sijawahi kuona dharau iliyofika mahali pake sawasawa namna hiyo.

Kisha akaita ndani ya nyumba, akatoka kijana. Anaitwa Emanueli, mdogo wake Faustini, ana miaka kumi na tisa. Hutengeneza mashine za kusaga Kanama, naye pia alilelewa kwa shangazi yule yule wa Goma. Miaka miwili amekuwa akimwomba mama yake ruhusa aje kufanya kazi kwetu, na mama yake alimkatalia. Alimkatalia kwa sababu ya maneno yangu. Aliamini ziwa linaua watoto wake wenye kiburi, na huyu, akasema, ana kiburi kupita yule.

"Sasa unasema haikuwa kiburi," akaniambia. "Bon. Basi aende. Lakini si kwako."

Nikamwambia mwanangu anakwenda Kibuye Jumapili kuanzisha kikosi. Akauliza kama mwanangu anafanana nami. Ningeweza kusema hapana, nikamfurahisha. Nikasema ndiyo, anafanana nami sana, lakini bado hajafanya nililofanya. Kijana alikuwa amesimama pale, anatusikiliza tukimjadili kama mbuzi wa mnadani, na uso wake unaonyesha wazi kwamba amekwisha kuamua mwenyewe. Mama akasema atamruhusu, na kwamba nikuambie kila kitu kabla hujapanda boti, la sivyo atakuja kukuambia yeye.

Kwa hiyo vijana wako ni saba, si sita. Kesho saa moja utamkuta gatini na mfuko wa plastiki na godoro. Utamtambua haraka, utataka kumpiga kofi. Atakuuliza kwa nini kabla hujamaliza sentensi. Mjibu. Mjibu hata ukiwa umechoka, hata kama anauliza ili akuonyeshe kwamba ana akili, hata mbele ya watu. Hasa mbele ya watu. Kama hujui jibu, sema hujui. Nimeshuhudia mtu akifa ili nisionekane mdogo, na nikakuta baadaye kwamba udogo wenyewe ulikuwa pale pale, haukwenda popote.

Na kama atakupita, maana huenda akakupita, utasikia wivu unakuandama. Sina dawa yake. Ule wa kwangu haujatoka. Ila usiupe kazi ya ualimu.

Sikuandikii haya ili uwe mpole. Huna upole, nami sikukupa, na kazi hii haina haja nao sana. Mtukane anayelewa akiwa zamu. Mwenye boti anayezidisha abiria, mshushe mbele ya wateja wake. Dharau yako ipeleke huko, iko kazi tele. Mtu aliyekuja kwako kujifunza si mahali pake.

Leo adhuhuri Emanueli amepita hapa kuuliza boti linaondoka saa ngapi. Hakunisalimia vizuri, na sikumlaumu. Akauzunguka mtumbwi mkubwa mara mbili, akainama nyuma, akaniambia, "Mzee, hii mashine umeifunga chini sana. Itakunywa maji siku ya mawimbi." Miaka minne injini ile imefungwa hivyo, na nimeifunga mimi. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, unalijua. Nikainama karibu naye, nikapima kwa kiganja. Nikamwambia ni kweli. Ilinichukua muda, naye alikuwa ameanza kuondoka, ikabidi nimwite arudi nimwambie mara ya pili ili asikie.

Mungu akupitishe salama, wewe na wenzako.

Baba yako